Uvimbe hauwaki, ini ndilo linalofifia

Mhariri,

Makala yenu kuhusu chembe za nano, yaani vipande vidogo mno, katika kipimo cha ini cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) imenifurahisha, ila imegeuza jambo moja juu chini. Inaeleza kwamba chembe za chuma huingia kwenye saratani na kuifanya ing'ae. Sivyo. Oksidi ya chuma ikidungwa mshipani humezwa na seli za Kupffer, ambazo kazi yake ndani ya ini ni kusafisha damu. Chuma hicho huvuruga uga wa sumaku hapo kilipo, na ini lenye afya huwa jeusi pichani. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauna seli hizo, kwa hiyo hubaki mweupe, kama doa kwenye kitambaa cheusi.

Wala teknolojia hii si mpya. Feridex, dawa ya chembe za chuma, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996, na Resovist, ya aina hiyohiyo, ikaingia Ulaya mwaka 2001. Ilipofika mwisho wa muongo ule, zote mbili zilikuwa zimeondolewa katika masoko hayo. Haikuwa kwamba hazifanyi kazi. Feridex ilihitaji kudondoshwa taratibu kwa takriban nusu saa, na baadhi ya wagonjwa waliumwa mgongo wakiwa kwenye dripu. Dawa za gadolini, metali nyingine inayotumika kuboresha picha za MRI, hudungwa mara moja, na ile ya gadoxetate huingia ndani ya seli za ini zenyewe kisha sehemu yake hutoka na nyongo. Nani angengoja?

Naelewa kwa nini watafiti wamerudi kwenye chuma. Tangu mwaka 2006 gadolini imehusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zimechoka sana, ilhali chuma mwili hukitumia kutengenezea damu. Lakini hata ferumoxytol, dawa ya upungufu wa damu ambayo baadhi ya madaktari huitumia kama kontrasti, yaani dawa ya kufanya picha ionekane wazi, ilipewa onyo kali Marekani mwaka 2015 kwa sababu ya mzio unaoweza kuua.

Swali ambalo makala haikuuliza ni hili: ini lenye sirosisi, yaani lililojaa makovu, je? Humo seli za Kupffer hufanya kazi kwa udhaifu, ini haliwi jeusi vya kutosha, na doa halijitokezi. Na hao ndio wagonjwa tunaowatafutia saratani ya ini kuliko wote. Kila anayetuletea chembe mpya atuonyeshe kwanza picha za maini ya namna hiyo, si ya panya wa maabara wenye afya.

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa radiolojia