Filamu zinopigwa Pemba zirudi Pemba

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua, najua nafasi yenyewe ndogo lakini jambo hili limenikaa moyoni na sioni pahala pengine pa kulisemea. Nnataka serikali yetu iweke sharti kwa kila anokuja kupiga dokumentari hapa Zanzibar, awe mgeni wa Ulaya, awe katoka Dar es Salaam, awe mtoto wetu wa hapa hapa, kwamba nakala ya kazi yake ibaki hapa, itunzwe, na wale walopigwa waione. La pili, zitengwe pesa kila mwaka ili vijana wetu wapige khabari zetu wenyewe. Ndio hayo tu, sasa nieleze kwa nini.

Mie nasomesha historia skuli ya sekondari hapa Wete, na kwa muda sasa nimekuwa nikitazama dokumentari za Australia kwenye simu, usiku bando ikiwa rahisi. Nilianza kwa bahati tu lakini kadiri nnavyozidi kutazama ndivyo nnavyozidi kuona kuna kitu wale watu walikifanya ambacho sisi hatujakifanya, wala si kitu cha utajiri peke yake. Mwaka 1945 vita vinakwisha, nchi ina mambo chungu nzima ya kushughulikia, serikali yao ikaunda bodi ya taifa ya filamu na ikaajiri wapiga filamu kwa mshahara, kikosi hicho 1973 kikaitwa Film Australia na 2008 kikaunganishwa na vyombo vyengine viwili ikazaliwa Screen Australia ya leo. Yaani zaidi ya miaka sitini nchi ina ofisi ya umma ambayo kazi yake ni kujipiga picha na kujieleza kwa watu wake.

Sisemi walikuwa malaika. Filamu zao nyingi za mwanzo zilikuwa za kuwavuta wahamiaji wa Ulaya, unaoneshwa jua, ngano, kondoo, nyumba mpya, na wakati huo huo sheria yao ya tokea 1901 ilikuwa inawazuia watu wasokuwa weupe wasiingie, na sera hiyo haikuondoka mpaka 1973. Kwa hivo pesa ya serikali ikiwa peke yake inaweza ikaleta sifa tupu, na sifa tupu hapa kwetu tunazo za kutosha kwenye matangazo ya utalii, bichi, mitende na mtu anacheka. Lakini ofisi ile ile baadae ikaja kulipia filamu zinazoiuma serikali yenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kukaa vizuri kutazama.

Khasa ile kazi ya Yirrkala. Yirrkala ni kijiji cha pwani kaskazini kabisa ya Australia, wenyewe wanaitwa Wayolngu, na miaka ya 1960 serikali iliwakatia ardhi yao ikawapa watu wa migodi wachimbe boksiti, ile inotoa alumini. Wazee wakapeleka malalamiko yao bungeni Canberra 1963, maandishi yamebandikwa kwenye gamba la mti lilochorwa michoro ya kwao, mgodi haukuzuiwa, wakaenda mahakamani na 1971 wakashindwa. Sasa katikati ya hayo, 1970, anafika mpiga filamu wa serikali, Ian Dunlop, na badala ya kukaa wiki mbili akaondoka, kazi ile ikaendelea mpaka 1982, zikatoka filamu 22. Kuna mazishi mle, kuna ngoma za dini yao, kuna wazee wamekaa chini wanauelezea mgodi kwa uchungu mpaka wewe ulokaa Wete unauhisi, na wazee wenyewe ndio walotaka zipigwe maana waliona vijana wao watakuja kuhitaji. Leo pale pale Yirrkala pana kituo, Mulka, kilichoanzishwa 2007, zimerudishwa filamu na picha na sauti, watoto wanakwenda kuwatazama babu zao wakisema na wakiimba. Na filamu zao nyingi siku hizi, kabla haijaanza unawekewa onyo kuwa ndani mna sura na sauti za watu walokwishafariki, kwa sababu kwa jamaa wengi wa asili kule kumuona au kumsikia maiti wao hivi hivi bila kuambiwa ni jambo zito. Nilivoliona lile onyo nilifurahi sana, ni adabu kwa wafiwa.

Naongeza jambo dogo hapo kwa sababu linatuhusu. Mwambao ule ule wa kaskazini, visiwa vya Wessel, mwanajeshi mmoja mwaka 1944 aliokota mchangani sarafu za shaba za Kilwa, tano, za masultani wa Kilwa hii hii yetu ya kusini! Zilifikaje hakuna anojua kwa yakini. Wavuvi Waislamu wa Makassar, Indonesia ya leo, wakija pwani ile kila mwaka na monsuni kutafuta majongoo ya pwani, kabla hata Waingereza hawajajenga chochote upande ule, kwa hivo bahari ilikuwa na njia zake. Waaustralia wameifanyia khabari hii safari za utafiti, sisi wenye Kilwa nimewauliza wanafunzi wangu hakuna aloisikia, na si kosa lao, watasikia wapi?

Nyengine ni ya mtu wa kisiwani kama sisi, Eddie Koiki Mabo, wa kisiwa cha Mer huko mlango bahari wa Torres. Alikuwa mtunza bustani chuo kikuu cha Townsville, siku moja anazungumza na mabwana wa historia wakamwambia lile shamba la kwenu kisheria si la kwenu, ni la serikali. Akakataa, akaingia mahakamani miaka kumi, na tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ikatoa hukumu kwamba ile hadithi kuwa Australia ilikuwa haina mwenyewe kabla ya Mzungu ni uongo. Yeye keshafariki tokea Januari, hakuwahi kusikia. Trevor Graham alimpiga filamu, ikatoka 1997, chini ya Film Australia hao hao, na haikufichwa kitu, imeoneshwa mpaka lile kaburi lake la Townsville lilivoharibiwa na wabaguzi usiku wa siku ile ile familia ilipoweka jiwe, 1995, hadi familia ikamchukua ikaenda kumzika upya kwao Mer. Serikali inalipia filamu inoonesha aibu ya nchi, sio aibu ya zamani, aibu ya miaka miwili nyuma. Nikiwaza eka tatu tatu walopewa watu wetu baada ya Mapinduzi, wangapi walozipokea kwa mikono yao wapo hai leo, na nani kawakalia na kamera akawauliza shamba lilikuwa la nani, wakapewaje, wakafanyaje nalo? Wapo waloshukuru na wapo walonyang'anywa, wote wazee, wote wanaondoka.

Basi na ile ya bandari. 1945 Indonesia imetangaza uhuru, Waholanzi wanataka kurudi na silaha, meli zao ziko Sydney, wafanyakazi wa bandari pale, Waaustralia, Waindonesia, Wahindi, Wachina, wakagoma kuzihudumia. Mholanzi mmoja, Joris Ivens, aloajiriwa na serikali yake ya Uholanzi, akaiacha kazi akapiga filamu ya ule mgomo, 1946. Ni fupi, dakika ishirini na kidogo, lakini umoja ule unauona kwa macho. Nikaukumbuka mgomo wetu wa 1948, wa mahamali na wafanyakazi wa bandari Unguja, ulosimamisha mji mzima. Kwenye vitabu vya Kiingereza umo. Filamu yake mie sijapata kuiona, na sijaona hata mzee alohojiwa juu yake akawekwa kwenye televisheni, na sasa wa kumhoji nadhani hayupo.

Tena si lazima kila kitu kiwe siasa. Waaustralia wana dokumentari ya 1988 juu ya vyura tu, wale walioletwa Queensland kutoka Hawaii 1935 waje wale wadudu wa mashamba ya miwa, wadudu hawakuwala wakaijaza nchi wao, na ukiitazama utaelewa serikali, wakulima, wataalamu na kiburi cha binaadamu kwa pamoja. Na sisi si tuna kunguru? Walioletwa Unguja miaka ya 1890 na Waingereza waje kusafisha taka za mji, wakamaliza makinda ya ndege wengine, washategwa na kutiliwa sumu na bado wapo. Kijana mwenye simu nzuri na microphone ya bei rahisi anaweza kuipiga hiyo kesho asubuhi, anachokosa ni nauli, chakula cha mwezi mmoja na mtu wa kumwambia kazi yako itaoneshwa.

Sasa kwetu. Wageni wanokuja na kamera ni wengi mno, na wengi wao ni watu wazuri, nisiwaseme vibaya. Walikuja kijijini kwa bibi yangu mzaa mama msimu wa karafuu, wakakaa nae baraza moja na wanawake wengine wanachambua usiku, akawaimbia nyimbo za wachambuaji ambazo mie mjukuu wake nilikuwa sizijui zote. Wakashukuru, wakaondoka. Bibi kafariki, Mungu amrehemu, na ile sauti ipo pahala, kwenye kompyuta ya mtu katika nchi nisoijua, na sisi wanawe na wajukuu hatuna hata dakika moja. Mtu kaja kukuchumia mkarafuu mzima kaondoka nao, hakukuachia hata makonyo. Nyumba ngapi Pemba zina kisa hichi? Waulizeni wacheza msewe, waulizeni wenye ng'ombe wa mchezo, waulizeni mafundi wa ngalawa.

Na zile zilizopigwa na sisi wenyewe ziko wapi? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara haina, nchi nyingi za Afrika hazina. Palipigwa mambo mengi enzi hizo, kanda zile zinahitaji kukaguliwa moja moja na kuhamishwa kwenye kompyuta kabla ya unyevu wa hapa kuzimaliza, na mwananchi aruhusiwe kuziona kama anavoruhusiwa kusoma karatasi za zamani pale Nyaraka Kilimani. Tamasha la filamu la Ngome Kongwe tunalo tokea 1998 na ni fakhari yetu, lakini ni la mjini, la siku chache, na filamu ikishaoneshwa pale haiji Micheweni wala Mkoani. Tunaweza kutandika shuka jeupe uwanjani, projekta moja izunguke skuli zote za Pemba, umeme upo.

Nawaomba wawakilishi wetu walisimamie hili kwenye bajeti inayokuja. Kibali cha kupiga filamu kinatolewa na serikali na mpigaji anakilipia, kwa hivo kuongeza mstari mmoja kwenye ile fomu, kwamba nakala ije na ioneshwe kijijini ilikopigwa, hakugharimu kitu. Na nyie wasomaji wenye kanda za VHS kabatini, za harusi, za maulidi, za mchezo wa ng'ombe, msizitupe kwa kuwa deki imekufa. Kwenye skuli yetu tuna kompyuta na nimepata deki moja inofanya kazi, mwenye kanda awasiliane na mie kupitia kwa mhariri nimhamishie, kanda yake nitamrudishia pamoja na nakala, na kama ataridhia tubakishe moja skuli kwa ajili ya wanafunzi.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa Historia,
Wete, Pemba