Hofu na mashaka ni juu ya malkia

Ankara, 29 Aprili

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Baada ya salamu, mimi na mkwe wenu huku tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu huko nyumbani. Baba, safari hii sentensi hiyo nimeiandika kwa makusudi, tena kwa kiburi kidogo. Sababu nitaifikia.

Mnajua mkwe wenu hunicheka kila nianzapo barua hivyo. "Hofu ya nini, na jana umekaa na Mama kwenye simu hadi mmemaliza habari za kuku wa jirani?" Jibu nilikuwa sina. Nilimwambia tu kwamba nimelelewa na mwalimu, na kwamba kwetu aliyeruka salamu alirudishiwa barua yake ikiwa na kalamu nyekundu, hata kama ni barua ya kuomba viatu vya shule.

Basi, wiki jana kulikuwa na sikukuu ya tarehe 23 Aprili, ya bunge lao na ya watoto, mkwe wenu akapata siku nne za kupumua chuoni. Tukakodi gari dogo jeupe, tukafunga chapati na chupa ya chai, tukaenda kuwatafuta Wahiti. Mama, wewe jina unalijua: Efroni Mhiti aliyemwuzia Ibrahimu pango la kumzikia Sara kwa shekeli 400, na Uria Mhiti, yule maskini aliyepangwa mstari wa mbele vitani. Mimi utoto wote nilidhani ni kikabila fulani kidogo cha kujazia mistari. Kumbe walikuwa na dola iliyolingana na Misri! Mji wao mkuu, Hattusha, uko katikati ya Uturuki hii hii, mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka kwetu, karibu na kamji kaitwako Boğazkale. Baba utataka miaka: tangu kama 1650 hadi karibu 1200 kabla ya Kristo.

Kabla hatujafika mji wa Sungurlu tukapata pancha. Spea ipo, jeki ipo, spana ya nati haipo. Tukawapigia wenye gari, wakasema iko chini ya kiti cha nyuma. Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na kofia ya mtoto. Tulisimama pale na upepo wa mlimani, baridi ya kukata masikio, mpaka mzee mmoja akatoka kwenye kibanda cha chai upande wa pili akitupungia mkono: "Merhaba!" Miaka miwili niko huku na neno hilo bado linanichanganya. Kila mtu mzima akilitamka, mimi nahisi ameitikia shikamoo ambayo sijaitoa, na nabaki na deni. Basi nikaitoa, kwa Kiswahili, magoti nimeyakunja kidogo. Hakuelewa neno, ila alicheka, akaleta spana yake na vikombe viwili vya chai, vile vya kioo vyenye kiuno. Pesa alikataa.

Hattusha si mahali pa kutembea kwa viatu nilivyovaa. Ni mlima mzima umezungushiwa ukuta, kilomita na kilomita, na gari unaliacha hapa unapanda, unalirudia, unaliacha tena. Kuna lango lenye simba wawili wa mawe, midomo wazi, wamechongwa humo humo kwenye nguzo. Kuna njia ya chini kwa chini, karibu mita 70, imejengwa kwa mawe yaliyoegemeana juu kama viganja vya mtu anayesali. Ukiingia upande mmoja unaona mwanga wa upande wa pili ukubwa wa dirisha. Mkwe wenu aliimba ndani yake. Sitasema aliimba nini, Mama, wewe ni mwanakwaya.

Chini, kwenye hekalu kubwa, kumelala jiwe la kijani, la mraba, laini kama limepakwa mafuta. Wenyeji wanaligusa na kuomba haja zao. Nikakumbuka magofu ya Tongoni, siku Baba ulipotupeleka darasa zima, na yale makaburi tuliyokatazwa kuyashika na sote tukayashika ulipogeuka. Na hili nikalishika.

Boğazkale kuna jumba dogo la makumbusho, na humo kuna sanamu mbili za simba wenye mbawa na uso wa mwanamke, nywele zimejiviringa ncha. Walikuwa walinzi wa lango moja kule juu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia walipelekwa Ujerumani kukarabatiwa. Mmoja akarudi Uturuki 1924. Wa pili akakaa Berlin mpaka 2011! Watu wa hapa walidai, wakadai, wakachoka, wakadai tena. Leo wanatazamana chumba kimoja. Nilisimama hapo muda mrefu nikiwaza yale mafupa ya mjusi wetu wa Tendaguru kule Lindi, yaliyochimbwa 1909 hadi 1913, nayo yako Berlin hadi leo yakitazamwa na watoto wa shule wa wenzetu. Mkwe wenu akaniambia niteremshe sauti, tuko makumbusho.

Kitu kilichomfurahisha yeye ni lugha. Vibao vya udongo vilichimbwa Hattusha kwa maelfu, maandishi yanasomeka sauti zake lakini hakuna aliyejua maana. Mwaka 1915 Mcheki mmoja, Bedřich Hrozný, akaifungua kwa sentensi moja. Aliona ndani yake alama ya mkate, aliyokuwa akiijua kutoka lugha za Babeli, akajiuliza mtu akishaandika mkate ataandika nini kingine. Ikatoka: sasa mtakula mkate na maji mtakunywa. Na maji, Baba, wao waliita *watar*. Unaona? Kiingereza hicho! Ni ndugu wa mbali wa lugha za Ulaya, na wengi hawakutarajia kuwakuta huku. Tangu siku hiyo mkwe wenu hakai mezani bila kuitamka kwanza, kidole juu, hata tukila ugali.

Kwenye magofu ya Alacahöyük tulipita haraka, mvua. Çorum tulilala. Makumbusho yao ni mazuri kuliko mji wenyewe unavyoahidi, lakini mimi nitawaambia cha Çorum: dengu za kukaanga. Wanaziita leblebi. Mtaa mzima unanukia, zinauzwa kwa gunia, nyingine zina chumvi, nyingine pilipili, nyingine zimevishwa sukari. Nimenunua kilo tatu na nitalieleza suala lake mwishoni.

Kayseri tulifika giza limeingia. Asubuhi tukaenda Kültepe, nje kidogo ya mji. Hapa Wahiti bado hawajawa dola. Ni miaka kama 1900 kabla ya Kristo, na wageni waliokaa hapa ni wafanyabiashara wa Ashuru, mji ulioko Iraki ya leo, njia ya kilomita kama 1000 kwa punda. Walileta bati na nguo, wakarudi na fedha na dhahabu. Vibao vyao zaidi ya 20,000 vimepatikana, vingi vinakaa kiganjani, na baadhi vimo ndani ya bahasha. Bahasha za udongo, Mama! Barua imefinyangwa, ikaandikwa, ikafunikwa kwa udongo mwingine, ikapigwa muhuri juu. Ukitaka kuisoma unaivunja bahasha kama yai.

Na yaliyoandikwa humo nusu yake nayajua. Wake waliobaki nyumbani Ashuru ndio waliofuma zile nguo. Mume anaandika: kitambaa hiki hakifai, ni kidogo, ongeza sufu. Mke anajibu: fedha ya nguo zilizotangulia iko wapi, nyumba haina kitu, njoo uwaone watoto. Nilikuwa nasoma maelezo ukutani huku nikimwona shangazi na mumewe wa Muscat. Mkwe wenu alikuwa ameenda kutafuta choo, akarudi akakuta nacheka peke yangu.

Ankara tuliiacha ya mwisho kwa kuwa ni nyumbani. Makumbusho yenyewe yako chini ya ngome ya zamani, kwenye soko lililoezekwa kuba tangu karne ya 15, na siku hiyo yalijaa watoto wa sikukuu wenye vibendera. Kuna fahali wawili wa udongo, shingo ndefu, macho meupe yametoka, ni vyombo vya kumiminia kinywaji cha miungu, watoto waliwasalimia. Kuna zile duara za shaba zenye kulungu na miale, ambazo kila duka la Ankara linakuuzia kama jua la Wahiti. Si la Wahiti. Ni la watu waliowatangulia hapa, Wahati, karne nyingi kabla, lakini muuza vikuku ukimwambia hivyo hakupunguzii bei.

Halafu kwenye kabati moja, nikakuta kibao nilichokuwa nakipita.

Baba, Misri na Wahiti walipigana Kadeshi mwaka 1274 kabla ya Kristo. Ilichukua miaka 15 hivi hadi Ramses wa Pili na mfalme Hattusili kuandikiana mkataba wa amani, na nakala yake ya udongo iko Istanbul. Wafalme wakiisha kuandikiana, wake zao nao wakaanza. Kibao hiki ni barua ya Nefertari, malkia wa Misri, kwa Puduhepa, malkia wa Wahiti. Inaanza hivi, naitafsiri nilivyoisoma: Mimi dada yako ni mzima, na nchi yangu ni nzima. Nawe dada yangu uwe mzima, na nchi yako iwe nzima. Nimesikia kwamba uliniandikia kuniulizia hali yangu.

Niliisoma mara mbili, kisha nikamwita mkwe wenu, nikamwekea kidole kwenye kioo, sikusema kitu. Akasoma. Akanyamaza. Mlinzi akatuambia tusiguse kioo. Mkwe wenu akasema, "Haya, mwandikie Baba."

Ndiyo nakuandikia. Nilingoja nione habari yenyewe inaanzia wapi, haianzi. Ni salamu, heri kwa waume, kisha zawadi: mkufu wa dhahabu wa nyuzi 12 na nguo za kitani. Basi. Barua nzima imevuka bahari na milima na haina habari hata moja. Wewe ungeirudisha?

Huyu Puduhepa, nimemsoma kwenye kitabu nilichonunua mlangoni, hakuwa wa salamu tu. Baadaye binti yao alipoposwa na Ramses, na mali iliyongojwa ilikuwa ya kutoka upande wa binti, si kwa mume kama kwetu, Farao akaanza kulalamika kwamba binti na mali vinachelewa. Puduhepa akamjibu: ndugu yangu huna kitu kabisa, hata utake kutajirika kupitia kwangu? Si heshima hiyo. Mama, hapo nikakuona wewe siku ya washenga, umekaa mkekani na kanga yako ya mdomo wazi.

Sasa mzigo. Mwanafunzi mwenzetu anakuja Dar wiki ijayo, atampa mdogo wangu bahasha hii na mfuko wa leblebi. Zilikuwa kilo tatu; mtapokea mbili, msiulize. Zenye sukari ni za Mama. Baba asipewe zile ngumu za chumvi, meno yake nayajua, hata akisema ni ya kwake mwenyewe.

Nijibuni kwa karatasi. Na Mama, usianze na kuku.

Ni mimi mwanenu mpendwa,
niliye mzima wa afya.