Mjomba, tulitengeneze hili la kanisa la Rabai

Mjomba, shikamoo.

Siku ile ya harusi sikuthubutu kukukatiza mbele ya wakwe. Ulisimama nje ya Kanisa la Mtakatifu Paulo, bakora umeielekeza ukutani, ukawaambia wageni: "Hili alilijenga Krapf, yule mmisionari Mjerumani." Mimi nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Sasa wakwe wameshakwenda zao, niruhusu niseme.

Krapf alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe mwaka huohuo, na 1846 akapanda Rabai pamoja na mmisionari mwenzake, Rebmann. Hapo hatubishani. Banda la sala la mwanzo ni lao. Lakini Krapf alifia kwao Ujerumani 1881, na kanisa ulilolielekezea bakora ni la 1887. Maiti hapigi lipu, Mjomba.

Miaka hiyo mwangalizi wa Rabai alikuwa William Jones, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India, upande wa Bombay. Ndiyo maana yeye na wenzake waliitwa Wabombei. Askofu Hannington alimpa ushemasi 1885, kisha wakaondoka pamoja kwa miguu kwenda Uganda. Jones aliachwa njiani pamoja na sehemu kubwa ya msafara, kwa Sundu, Mumias ya leo. Askofu akatangulia, akauawa Busoga. Februari 1886 watu wa Rabai waliona wapagazi waliochakaa wakipanda kilima, na mbele yao kitambaa cha buluu chenye herufi nyeupe: Ikabodi. Wewe msomaji wa kitabu cha Samweli katika Biblia huhitaji kuelezwa. Utukufu umeondoka.

Mwaka uliofuata, watu haohao wakawa na kanisa la mawe. Hapo ndipo mimi husimama, sipiti.

Na waliokuwa wakikaa katika misheni ya Rabai ni akina nani? Wengi walikuwa watoro wa mashamba ya pwani. Wenye watumwa walikuja juu kweli, mpaka Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akawalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa misheni za pwani, wengi wao wa hapa Rabai, walipewa hati za uhuru. Mackenzie hata hakuwa padri, alikuwa anaondoa kero ya biashara yake, lakini hati ni hati.

Desemba tuna harusi nyingine. Ukishika bakora, anza na Jones. Krapf nitamsemea mimi, wakati wa chai.

Mpwa wako