Mwalimu, hilo jibu ni sahihi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa hesabu wa kidato cha kwanza. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Shule niliishia kidato cha nne, tena zamani, kwa hiyo sijitii ualimu.

Binti yangu alirudi na swali: tafuta mlinganyo wa mstari wenye mteremko 3, unaopita kwenye nukta (2, 5). Alikuwa amekariri y = mx + c (m ni mteremko, yaani y inaongezeka kiasi gani x ikiongezeka moja; c ni y pale x ikiwa sifuri), basi akaichukua ile 5 akaibandika mahali pa c: y = 3x + 5. Nikamwambia aweke 2 mahali pa x. Ikaja 11. Akashtuka mwenyewe, mstari wake haupiti kwenye nukta aliyopewa.

Nikamtolea risiti ya mzigo. Kwenye basi wananitoza shilingi 150 kwa kilo, halafu kuna ada ya kupakia ambayo haijawahi kunikaa kichwani. Ninachokumbuka ni kwamba safari iliyopita nilipeleka kilo 40 nikalipa 8,000. Nikiwa na kilo 60 siulizi ada ni ngapi. Zimezidi kilo 20, mara 150 ni 3,000, basi naandaa 11,000. Ukiiandika kishule, x ikiwa kilo na y ikiwa malipo, ni y − 8,000 = 150(x − 40). Ile 150 ndiyo mteremko, risiti ndiyo nukta. Anayeitaka ada afungue mabano, atapata y = 150x + 2,000. Ada imejitokeza yenyewe, hakuna aliyeikariri.

Mtoto akaelewa, akaandika y − 5 = 3(x − 2). Kesho yake kapigiwa kosa, eti jibu ni y = 3x − 1. Jamani, si mstari uleule? Fungua mabano upate 3x − 6, hamisha ile 5, inabaki 3x − 1. Kama mlitaka umbo la y = mx + c, swali lingesema hivyo. Hata mkipunguza alama, punguzeni moja, msizichukue zote.

Halafu hili neno mteremko. Sisi tunaokaa Igogo, huku juu ya mawe, mteremko kwetu ni kushuka; kupanda ni mlima, na magoti yanajua. Darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, nyumbani mtoto anajitafsiria, mwisho anachora mstari wa mteremko chanya ukishuka kwenda kulia, wakati unatakiwa upande. Naomba mwaambie mapema: chanya unapanda, hasi unashuka, sifuri ni kama ziwa lililotulia.

Jumamosi nina kilo 75 za kupeleka Dodoma. Ada sikumtajia, risiti nilimwachia mezani. Ameniambia niandae 13,250.

Mama Dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza