Pimeni hisia kabla ya kukanda mguu wa mwenye kisukari

Bwana Mhariri,

Wagonjwa wa sukari hapa Goma wanatuuliza mara kwa mara kama refleksolojia, yaani kukanda nyayo kwa kubonyeza sehemu maalumu, inaweza kuwasaidia. Inaweza kuwatuliza, kuwapa usingizi, na wengine huona maumivu ya kuwaka miguuni yakipungua. Kuponya kisukari haiwezi. Ramani ya nyayo inayoweka kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, kwenye upinde wa wayo ilitokana na nadharia ya William Fitzgerald, daktari wa Marekani, ya mwaka 1917, na kazi ya Eunice Ingham katika miaka ya 1930. Hakuna mshipa uliowahi kuonyeshwa ukitoka hapo kwenda kwenye kongosho. Anayeishi kwa insulini akiiacha kwa kuwa anakandwa, damu yake yaweza kujaa asidi ndani ya siku moja au mbili: atatapika, atahema kwa kina, na asipowahishwa hospitali atakufa.

Lakini hatari inayotusumbua zaidi imo mikononi mwetu wakandaji. Sisi hupima nguvu ya kidole kwa maumivu ya mteja: akikunja uso, tunapunguza. Mguu ambao sukari imeua neva zake haujibu kitu. Mkandaji huzidisha nguvu, wengine hata kwa kijiti, nyama inavilia damu chini ya ngozi, kisha kidonda kinafunguka. Mwenyewe anaendelea kukikanyagia, kandambili nyembamba juu ya mawe ya volkano, kwa sababu hakimuumi.

Kipimo hakihitaji mashine. Mteja afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo, miguu yote miwili. Usisukume wala kupapasa, maana hapo atahisi mtikisiko na kipimo kitakudanganya. Kati ya miguso sita, asipohisi miwili au zaidi, hisia zimepungua. Huyo asibonyezwe nyayo kabisa. Mkandeni viganja vya mikono, navyo vina ramani yake.

Anayehisi vizuri naye achunguzwe, hadi katikati ya vidole. Kidonda, lengelenge, au sugu yenye weusi wa damu chini yake: hapo hapakandwi, wala sugu isikatwe kwa wembe. Mguu mmoja uliovimba, mwekundu na wa moto kuliko mwenzake ni wa kupeleka hospitali siku hiyohiyo hata kama hauumi, kwani huenda mifupa inavunjika ndani. Mguu wa baridi, au shavu la mguu linalouma akitembea na kutulia akisimama, ni dalili ya mishipa ya damu iliyoziba. Daktari aione kwanza.

Maji ya kuoshea yawe vuguvugu, chini ya nyuzi 37, na mkandaji ayapime kwa kiwiko chake mwenyewe, kwa sababu mguu wenye ganzi hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba unaungua. Mawe ya moto tuyaache kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha miguu yote miwili. Katikati ya vidole pakaushwe, unyevu huleta fangasi.

Mteja akitokwa jasho na kutetemeka katikati ya kazi, wapo wanaomwambia kwamba sumu inatoka. Ni kosa kubwa. Huenda sukari ya damu imeshuka chini ya 70 mg/dL. Akiwa na fahamu, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na arudie kama bado iko chini. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na mahali alipochoma insulini, tumboni au pajani, pasisuguliwe, kwani dawa itaingia kwenye damu haraka kuliko ilivyokusudiwa.

Kila mliyemkuta na ganzi, mwandikieni karatasi aende nayo kituo cha afya: mguu gani, vidole gani, tarehe gani.

Wakandaji na wauguzi,
Goma