Mlinizuia kubadili matairi, kisha mkanilaumu kwa kutobadili

Uyole,
Mbeya.

Meneja wa Tawi,
Duka la Matairi na Gereji,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATAIRI YA PIKAPU YANGU NA JINSI NILIVYODHALILISHWA KAUNTANI KWENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini mu wazima na kazi inaendelea. Kwangu kazi imesimama, kwa hiyo mtaniwia radhi nisipozunguka sana.

Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi. Mmeyabandika juu ya kaunta na nyuma ya risiti yangu yapo, sina haja ya kuwasomea. Ninachotaka kujua ni kimoja: kwenu ninyi tairi linakwisha lini? Nimepewa majibu mawili na watu wa duka moja, kwa tairi lile lile, na kila jibu lilikuwa la kuniumiza mimi na kuwaacha ninyi salama.

Gari nililileta mwishoni mwa Februari. Dereva wangu, ambaye ni mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa anasema usukani unavuta kushoto na matairi ya mbele yanaunguruma kwenye lami. Tukainama tukaangalia. Upande wa nje meno yalikuwa yanapendeza macho. Upande wa ndani, ule unaotazama chasisi, palikuwa laini. Mpira ulikuwa umelingana na vile vituta vidogo vilivyo chini ya mifereji, ambavyo mtengenezaji huviweka kuonyesha kwamba yamebaki meno ya milimita 1.6 tu. Vikishalingana na uso wa tairi hakuna tena cha kujadili. Kijana wenu wa mauzo ndiye aliyenifundisha siku ninanunua, Juni 2024. Alinionyesha herufi TWI ubavuni, akasema, "Mama, ukitaka kujua kama limekwisha, fuata alama hii." Yule alinihudumia kwa heshima na sina neno naye.

Basi nikafika kauntani kwenu na risiti mkononi. Msimamizi wa gereji akatoka na kipimo chake, akakitumbukiza kwenye mfereji wa nje, akasoma milimita 5. Akasema matairi bado yana maisha, dhamana haihusiki, twende tukafanye kazi. Nikamwomba akate usukani ili aone upande wa ndani. Hakukata. Nikamwomba tena. Akaniangalia kuanzia kwenye kanga hadi kwenye ndala, kisha akasema mbele ya wateja waliojaa pale, "Mama, haya mambo huyawezi. Kamwite mwenye gari."

Mwenye gari ni mimi, Ndugu Meneja. Kadi ya gari ina jina langu na risiti yenu ina jina langu. Pikapu hiyo nimeinunua kwa fedha ya viazi, gunia kwa gunia, na hakuna mwanaume nyumbani kwangu wa kuitwa aje kuthibitisha kwamba nina haki ya kuuliza kuhusu tairi langu.

Yeyote mwenye gereji anajua kwamba tairi halipimwi mfereji mmoja. Linapimwa nje, katikati na ndani, na kipimo kinachohesabika ni kile cha chini kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo litakapokuachia. Likilika katikati, limejazwa upepo kupita kiasi. Likilika mabega yote mawili, limekosa upepo. Likilika bega la ndani peke yake, magurudumu hayajakaa sawa. Upepo wetu tunaupima kabla ya kupakia, na mabega ya nje mliyaona wenyewe kuwa mazima. Alaimenti ya gari hilo, yaani kuyaweka magurudumu yakae sawa, mliifanya ninyi siku mliyofunga matairi, mkaiandika kwenye risiti na mkalipwa. Fundi mmoja wa Mwanjelwa alipolipima baadaye alikuta magurudumu ya mbele yameachana kwenda nje. Kwa hiyo mlichokataa kukiangalia ni kazi ya mikono yenu.

Tukaendelea kuyatumia. Ningemsikiliza nani zaidi ya waliouza? Msimamizi mwenye kipimo mkononi amesema yana maisha.

Machi gari likaingia mtaroni. Lilitoka Isongole na viazi, mvua inanyesha na ukungu umeshuka hadi barabarani kama ilivyo kawaida ya upande ule wa Rungwe. Kwenye kona ya mteremko dereva akakanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Mifereji ya tairi ndiyo inayoyakamua maji yatoke chini ya mpira. Ikikosekana, tairi linapanda juu ya maji na usukani unakuwa hauna kazi. Kijana alitoka mzima, namshukuru Mungu. Ringi ilipinda, bampa likavunjika, magunia yakapasuka na viazi vikasambaa matopeni. Mama yake nilimwahidi kwamba huyu mtoto akiwa kwangu ni salama. Mimi ndiye niliyempigia simu usiku ule, si ninyi.

Hata kabla ya mtaro, na hili nimeliruka kwa sababu hasira inanipeleka mbio, trafiki alimsimamisha dereva wangu Igawilo akainama akaona upande wa ndani. Alitumia muda mfupi tu. Akamwandikia faini ya shilingi 30,000 kwa kutembea na tairi kipara. Nilituma dereva aje awaonyeshe karatasi ya faini siku hiyo hiyo, akaambiwa gereji inafungwa, aje siku nyingine. Askari wa barabarani asiye na kipimo aliona kile ambacho gereji yenye vipimo ilikataa kukiona.

Tulipoleta matairi baada ya ajali, moja likiwa limeshatoa waya kwa ndani, mfanyakazi wenu mwingine alijaza fomu. Ninayo hapa. Ameandika: "Mteja ameendesha tairi lililokwisha. Dhamana haihusiki." Februari tairi halijaisha vya kutosha kupata dhamana. Machi limeisha mno kupata dhamana. Naomba mnitajie siku ambayo katikati ya hapo ningekuja nikasikilizwa. Kama siku hiyo haipo, basi dhamana yenu haipo, na ule ubao juu ya kaunta unawadanganya watu.

Narudi kwa msimamizi wenu, maana nimejaribu kumpita na nimeshindwa.

Siku ile benchi lenu lilikuwa limejaa. Wengine ni wafanyabiashara wenzangu wa soko la Soweto, watu ninaosalimiana nao kila asubuhi. Sikupaza sauti. Nilisema, "Baba, naomba ukate usukani uone kwa ndani." Yeye akanipa mgongo, akamgeukia dereva wangu na kumuuliza, "Kaka, hili gari la nani?" Kijana akamjibu, "La shangazi, huyu hapa." Alisikia. Alinitazama, kwa hiyo najua alisikia. Na ni baada ya kusikia, baada ya kujua kabisa kwamba mwenye gari nimesimama mbele yake, ndipo aliposema, "Kamwite mwenye gari." Watu wakacheka. Akalipiga tairi teke, lile lile bovu, akasema, "Zima kabisa hili," akaita mteja mwingine. Mimi nikabaki nimesimama na risiti yangu. Kijana wangu akaangalia chini. Ni mtoto niliyemlea, na nilisikia aibu yake kuliko yangu.

Kukata usukani ni kazi ya mkono mmoja. Angekata, angeona, na mwezi uliofuata mtoto huyu asingelala mtaroni na magunia juu ya kabini.

Kuna jambo jingine ambalo lisingejulikana kama mngenitendea haki. Fundi yule wa Mwanjelwa aliposafisha matope alinionyesha tarakimu nne zinazofunga mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi yangu mawili ya nyuma yanasoma 2318. Wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mliniuzia mwaka 2024, yakiwa yamefungwa karatasi, kwa bei ya mapya! Mpira unazeeka hata ukikaa ghalani, unakauka na kupasuka nyufa, na mnajua kwamba watengenezaji wengi wanataka tairi lililofikisha miaka mitano likaguliwe kila mwaka na lililofikisha kumi liondolewe hata kama meno yamejaa. Yaani siku ninayatoa dukani yalikuwa tayari yamefika umri wa kukaguliwa. Nyufa zenyewe zimeanza kuonekana ubavuni, karibu na ringi. Na hayo ndiyo yanayobeba mzigo.

Nilipokaa kuandika barua hii nilikusudia kudai matairi mawili ya mbele tu. Sasa nadai yote manne, na tarehe zake nitazisoma mwenyewe kabla hayajafungwa. Nadai fedha ya alaimenti irudishwe, na alaimenti mpya ifanywe kwa fundi nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu. Ringi na bampa mtalipa. Faini ya trafiki mtalipa. Viazi vilivyoharibika nitawaandikia hesabu yake, na siku ambazo gari limesimama msimu wa mavuno pia nitazihesabu, jambo ambalo nisingelifanya kama ningejibiwa kama mtu.

Nataka pia msimamizi yule aniombe radhi. Kwa simu sitaki, na ofisini kwako mlango umefungwa sitaki. Iwe pale pale kauntani, saa ambazo benchi lina watu, na dereva wangu awepo asikie.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, napeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na matairi yale ya 2018 nayapeleka TBS, Shirika la Viwango, wayatazame. Wakili nimeshazungumza naye kuhusu mahakama. Na wenzangu wa Soweto, wenye pikapu na wenye Fuso, ambao wengi wanafunga matairi kwenu, nitawaonyesha fomu yenu na kuwaeleza wakate usukani wenyewe kabla ya kumwamini mtu wa kipimo.

Matairi ya mbele sijayatupa. Nimeyafungia stoo pamoja na ringi iliyopinda, na hayatoki hapo isipokuwa kwa mkaguzi atakayeyapima mbele yangu, nje, katikati na ndani. Namba yangu ya simu iko kwenye risiti. Msimpe msimamizi yule kazi ya kunipigia.

Wenu,

Mteja, mfanyabiashara wa viazi na mmiliki wa pikapu,
Uyole, Mbeya.

Viambatanisho: risiti ya ununuzi, fomu ya kukataliwa dhamana, karatasi ya faini, nakala ya kadi ya gari.