Habari gani? Salamu za Krismasi, Kwanzaa na Mwaka Mpya kwa ndugu zangu wa hospitali

Ndugu zangu, hamjambo na poleni na kazi.

Nimetoka zamu sasa hivi, viatu bado viko mguuni na chai ya tangawizi iko mezani. Baridi ya Kentucky mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa. Kabla sijalala nataka niwasalimu: wauguzi mliotoka Kenya, wasaidizi wa wodini kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, kaka zangu mnaosukuma vitanda usiku kucha, mama zetu wa usafi mnaoingia saa tano usiku wenzenu wakienda kulala, na ninyi vijana mnaosomea udaktari hapa chuoni ambao macho yenu mekundu ya mitihani nayaona kwenye lifti. Krismasi njema kwa wanaoisherehekea. Heri ya Kwanzaa kwa ndugu zetu Wamarekani Weusi. Heri ya Mwaka Mpya kwetu sote, na kwa wagonjwa walioko vitandani, ambao sikukuu imewakuta na mirija mikononi, Mungu awape nafuu.

Shukrani kwanza. Wenzetu Waislamu mliojiandikisha zamu ya tarehe 25 ili sisi tukae na watoto wetu, tumeona na hatutasahau. Idi ikifika, majina yetu yatakuwa ya kwanza kwenye karatasi ya zamu, kama mwaka jana.

Sasa niseme lililo moyoni. Nalo ni hii Kwanzaa.

Mimi ni mtu wa Kasulu, Kigoma, na sikuwahi kuisikia sikukuu hiyo mpaka nilipofika Marekani. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilialikwa kwenye ukumbi mdogo karibu na kanisa la hospitali. Nikakuta mkeka umetandikwa juu ya meza, na juu yake matunda, mahindi mabichi, kikombe cha mbao na kinara chenye mishumaa saba: mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu upande mmoja, mitatu ya kijani upande wa pili. Aliyeshika kiberiti alikuwa bibi mmoja Mmarekani Mweusi aliyepika katika jiko la hospitali kwa zaidi ya miaka thelathini. Akauliza kwa sauti, “Habari gani?” Mimi nikajibu, “Nzuri!” Ukumbi mzima ukajibu, “Umoja!”

Ndivyo ilivyo desturi. Kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, ukiulizwa habari, unajibu kwa jina la siku: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Sherehe ilipokwisha bibi yule alinijia, akanishika mkono, akaniomba nimtamkie maneno yote saba taratibu, naye akirudia. Kujichagulia tulilirudia mara nne. Aliniambia amelisema neno hilo tangu akiwa msichana, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia kutoka kinywani mwa mtu aliyezaliwa nalo.

Sikupata la kumjibu. Kwetu maneno haya ni ya kila siku. Ujima nililisoma darasani kwenye somo la historia, likanipita kama maswali mengine ya mtihani. Ujamaa tumelisikia redioni tangu utotoni. Huku watu wameyachukua maneno hayohayo wakayawashia mishumaa, wakawafundisha watoto wao, kwa sababu lugha za mababu zao walinyang'anywa katika utumwa, na Kiswahili ndicho walichokichagua kuwa lugha ya kuiita Afrika. Mwaka ulikuwa 1966, mji ni Los Angeles, na aliyeianzisha Kwanzaa ni Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani Mweusi. Jina amelitoa kwenye “matunda ya kwanza”, akaongeza a moja mwishoni herufi zitimie saba.

Ule mwaka 1966 nimeuzungukia sana kichwani, kwa sababu ndio pia mwaka ambao hospitali za nchi hii ziligeuka.

Bibi alinisimulia kwamba alipokuwa na miaka minane alimsindikiza mama yake kujifungua katika hospitali moja ya huko kusini. Walipitia mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, wakateremshwa chini ya jengo kwenye wodi ya Weusi. Mabomba ya maji ya moto yalipita juu ya vitanda. Juu yao kulikuwa na wodi za Wazungu zenye madirisha, na vitanda vingine vilikuwa vitupu. Hili halikuwa jambo la siri wala la hospitali moja. Sheria ya mwaka 1946 iliyotoa fedha za serikali kuu kujenga hospitali iliruhusu utengano. Mwaka 1962 daktari wa meno aitwaye George Simkins, Mmarekani Mweusi wa Greensboro, North Carolina, pamoja na wenzake na wagonjwa wao, walikwenda mahakamani baada ya hospitali zilizojengwa kwa fedha hizo kuwakataa. Mwaka 1963 mahakama ya rufaa ikawapa haki. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Haki za Kiraia, na ndani yake sehemu ya sita ikasema hivi kwa ufupi: anayepokea fedha za serikali kuu asimbague mtu kwa rangi, kwa kabila, wala kwa taifa alikotoka.

Kisha tarehe 1 Julai 1966 bima ya wazee, Medicare, ikaanza kulipa. Hospitali iliyotaka fedha hizo ilipaswa kwanza kuonyesha kwamba imeacha kutenganisha wagonjwa. Wakaguzi wakazunguka, wakaingia wodini, wakatazama nani amelala wapi na nani anaruhusiwa kutibu. Mamia ya hospitali yakachanganya wodi zao ndani ya miezi michache tu, baada ya miaka mingi ya kusema haiwezekani.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi wakalimani wenzangu. Ile sehemu ya sita, yale maneno “taifa alikotoka”, ndiyo yanayotulipa mshahara. Mtu asiyejua Kiingereza akikosa kuelewana na daktari amebaguliwa kwa asili yake. Hivyo ndivyo sheria ilivyokuja kufasiriwa, na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ikaikazia. Ndiyo maana mama aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, miaka kumi na mitano, akaletwa hapa na watoto sita, anapofika kwa daktari ana haki ya kupewa mkalimani bila kutoa senti. Ndiyo maana hairuhusiwi tena, isipokuwa kwa dharura, kumgeuza mtoto wake wa miaka kumi na moja kuwa mdomo wake, amwambie mamake kwamba uvimbe ule ni saratani. Kiti ninachokalia kati ya daktari na mgonjwa kilichongwa na watu waliopitia mlango wa nyuma. Mimi nimekikuta kimeshachongwa.

Nasema haya kwa sababu nasikia tunavyozungumza wenyewe kwa wenyewe. Kwenye magari tukienda kazini, kwenye harusi, hata baada ya ibada: “Mambo ya Wamarekani Weusi hayatuhusu. Sisi tumekuja kutafuta maisha.” Na wapo wanaoongeza maneno ya dharau ambayo sitayaandika. Ndugu zangu, hilo si kweli, na linaniuma. Nitawaeleza kwa figo.

Mwenye ugonjwa wa figo hupimwa damu, maabara wakaangalia kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja, kisha hesabu ikatoa namba inayoonyesha figo zinachuja kwa kiasi gani. Namba ikishuka hadi 20, mtu anaweza kuanza kuhesabiwa siku zake kwenye orodha ya kungoja figo ya kupandikizwa. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuwa na swali moja la ziada: mgonjwa ni Mweusi? Kama ni ndiyo, namba ilizidishwa. Katika fomula iliyotoka mwaka 2009 ilizidishwa kwa 1.159. Chukueni watu wawili wa umri mmoja, jinsia moja, damu ileile. Mzungu anapata 18, anaingia kwenye orodha. Mweusi anaandikiwa karibu 21, anaambiwa figo zake bado zina nguvu, arudi baadaye. Na kwa figo, hiyo baadaye ni mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki.

Ile hesabu haikuuliza kama umezaliwa Alabama au Uvira. Haikujali pasipoti, wala lafudhi, wala kwamba wewe “si kama wao”. Ilitazama ngozi ikazidisha.

Nani aliiondoa? Waliopaza sauti mapema ni wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana, katika vyuo mbalimbali, waliouliza darasani ushahidi uko wapi na hawakukubali kunyamazishwa. Hospitali moja moja zikaanza kuacha. Mwaka 2021 vyama vikubwa vya figo nchini vikapendekeza fomula mpya isiyouliza rangi, na kuanzia Januari 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kuwatafuta wagonjwa Weusi waliocheleweshwa na kuwarudishia siku zao. Maelfu wamerudishiwa. Barua za aina hiyo nimezisoma kwa Kiswahili mbele ya wenyewe. Ya mgonjwa siyasimulii, kiapo changu hakiruhusu, lakini naweza kusema kwamba kuna barua nimezisoma nikalazimika kusimama kidogo kabla ya kuendelea.

Na figo ni moja tu. Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, tunachokiamini sote: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya Wazungu. Wauguzi, mnaposhika kidole cheusi na mashine inasema mambo ni sawa huku mgonjwa anahema, mwaminini anayehema. Leba nako mnajua. Mwaka 2023 walikufa kwa uzazi wanawake Weusi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, na Wazungu 14.5. Mwanamke wa Kihaya au wa Kibembe akiingia leba hapa anahesabiwa kwenye ile namba ya kwanza.

Basi hao wanaowasha mishumaa ni ndugu, na wametutangulia katika vita ambavyo na sisi tumo.

Najua miaka hii miwili mitatu imekuwa mizito. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutazama rangi katika kudahili wanafunzi, na tangu hapo vyuo vingi vimefunga ofisi zilizoshughulikia usawa au vimezibadilisha majina. Mmeona vibao vikibanduliwa milangoni. Mmeona wenzetu wakibeba maboksi. Vijana wa udaktari wameniuliza kama hata meza ya Kwanzaa itaruhusiwa. Nikawaambia meza hiyo haikuwahi kuwa ya ofisi. Mkeka ni wa bibi, kinara alikichonga marehemu mume wake, na mishumaa tunachanga wenyewe.

Mwaka jana nilileta mtoto wangu wa darasa la nne. Tulikaa kwenye karamu ya tarehe 31. Mama mmoja kutoka Baraka, kule Kivu Kusini, alikuwa ameleta sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bibi alikuwa amepika majani yake ya kijani kwa nyama ya moshi, na mwanangu alipoonja akasema kwa mshangao, “Baba, hii ni sukuma wiki!” Kwenye bakuli la pembeni kulikuwa na mbaazi fulani walizosema ni za kuleta bahati ya mwaka mpya, nikafunua, nikakuta kunde. Kunde, bamia, yote haya yalivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo, wakayapanda, wakayapika, wakarithishana, mpaka leo tunakutana nayo juu ya meza ya hospitali Kentucky. Mama wa Baraka alichukua kijiko cha kunde, akafunga macho, akaanza kulia taratibu. Bibi akamsogelea wakakaa. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mwaka huu bibi mwenyewe yuko wodini, ghorofa ya saba. Jana nilipita kumwamkia. Anaendelea vizuri, anakula, analalamikia uji wao hauna chumvi, na ameagiza tusiahirishe kitu. Kwa hiyo tarehe 28, siku ya tatu, siku ya Ujima, saa kumi na mbili jioni, tutakuwa ukumbini palepale karibu na kanisa. Muuguzi wake amekubali kumshusha kwa kiti cha magurudumu kwa nusu saa. Njooni na sare zenu za kazi, msione haya. Wa zamu ya usiku piteni mkiwa mnaingia, wa mchana piteni mkiwa mnatoka. Maandazi nitaleta mimi. Wakongo, sombe ni juu yenu. Wakenya, chai. Leteni na watoto, wasikie lugha ya nyumbani ikitamkwa na watu ambao hawajawahi kufika nyumbani.

Na bibi akiuliza “Habari gani?”, safari hii nataka atusikie Waswahili wote tukimjibu kwa pamoja, mpaka ghorofa ya saba: Ujima!